Vinundu vya mizizi ya soya: nani atavuna kinachobaki udongoni?

Safari hii somo letu linatoka shambani. Baadhi yenu mtauliza: bakteria wa udongo wanahusiana nini na amani? Sisi pia hatukuona uhusiano wowote, mpaka siku kamati ya amani ya kijiji kimoja cha teritwari ya Walungu, Kivu ya Kusini, ilipotuita haraka kwa sababu ya shamba la soya lenye urefu wa hatua ishirini na upana wa hatua kumi na tano.

Mambo yalikuwa hivi. Mama mmoja mjane, mwanachama wa kikundi tunachokisindikiza, alipata shamba hilo kwa bwasa. Kwa wasomaji wasio wa Bushi tueleze kidogo. Kalinzi ni haki ya kudumu: mtu hutoa ng'ombe au mbuzi kwa mwami au kwa shefu, na watoto wake wanarithi. Bwasa ni haki ya muda tu, mara nyingi ya msimu mmoja, na anayelima hulipa kwa siku za kazi, kwa sehemu ya mavuno au kwa pesa. Mtu wa bwasa analima vitu vya muda mfupi. Hapandi mgomba wala mti.

Udongo wa shamba lile ulikuwa umechoka. Mama alibeba samadi ya mbuzi kwa kikapu, safari baada ya safari, akapanda soya katika msimu A pamoja na unga wa rizobiumu tuliompa sisi. Soya ikafanya vizuri, akavuna karibu kilo 35. Katika msimu B akapanda mahindi palepale, na mahindi yakatoka na rangi ya kijani iliyokolea ambayo watu walisimama njiani kuitazama. Ndipo mzee mwenye shamba akaja kusema kwamba mwanawe amerudi kutoka machimboni, anataka kulima, na msimu ujao shamba linarudi nyumbani. Mama akajibu kwamba yeye amenenepesha ng'ombe na sasa mwingine anakuja kukamua. Wanakikundi wenzake wakasimama upande wake. Usiku mmoja mahindi kadhaa yaling'olewa, na kila upande ukasema ni upande wa pili.

Tulipofika, jambo la kwanza tulilosikia lilituumiza. Akina mama walisema: ninyi wenyewe mlitufundisha kwamba soya inaacha mbolea ya bure udongoni, basi mbolea hiyo ni ya nani? Ni kweli, tulikuwa tumefundisha hivyo. Tulikuwa tumepita kijiji kwa kijiji na maneno hayo mepesi, bila kueleza mbolea hiyo ni kiasi gani, inatoka wapi na inabaki kwa masharti gani. Hatukuuliza hata siku moja kila mwanachama analima katika shamba la nani. Kwa hiyo somo hili ni pia kusahihisha somo letu la zamani.

Hewa imejaa, mmea unakufa njaa

Kila mmea unahitaji azoti, ambayo majirani zetu wa Tanzania na Kenya huiita naitrojeni. Bila azoti majani yanakuwa ya njano, mmea unadumaa na mbegu inakosa nguvu. Ajabu ni kwamba hewa tunayovuta ni azoti kwa asilimia 78. Mhindi ulio na njano umesimama katikati ya chakula chake, lakini hauwezi kukila. Azoti ya hewani imeshikamana mbili mbili kwa kifungo kigumu sana, na mmea hauna chombo cha kukifungua. Viwandani watu wanakifungua kwa moto mkali na mgandamizo mkubwa, njia iliyoanza kutumiwa Ujerumani mwaka 1913, na ndivyo inavyotengenezwa urea tunayoiona sokoni. Ndiyo sababu pia bei ya urea inapanda bei ya gesi inapopanda mbali huko.

Kuna bakteria wanaofungua kifungo hicho kimyakimya, katika baridi ya udongo. Wengine wanaishi peke yao udongoni na kazi yao ni kidogo. Wanaotuhusu leo ni rizobiumu, ambao wanaingia katika mizizi ya mimea ya jamii ya kunde: soya, maharagi, karanga, kunde zenyewe, mbaazi, na baadhi ya miti. Mzizi mchanga unatoa harufu yake udongoni. Bakteria anayeifahamu harufu hiyo anajibu kwa alama yake. Wakielewana, unyweleo wa mzizi unajikunja, unamfunika bakteria, unamkaribisha ndani, na mahali pale panaota kinundu. Ndani ya kinundu mmea unatoa sukari na bakteria anatoa azoti iliyo tayari kuliwa. Kazi hiyo inadai nguvu nyingi, na mmea unailipia. Kwa hiyo neno letu la zamani, "bure", halikuwa sahihi hata kwa mmea.

Wakulima wa zamani walijua kwamba nafaka inafanya vizuri baada ya kunde, lakini hawakujua sababu. Mwaka 1888 Wajerumani wawili, Hellriegel na Wilfarth, walitangaza majaribio yao. Walipanda njegere katika mchanga uliosafishwa kwa moto, zikadumaa. Mchanga uleule ulipomwagiwa maji kidogo yaliyochanganywa na udongo wa shamba, njegere zilistawi na mizizi ikawa na vinundu. Mwaka huohuo Mholanzi Beijerinck alifaulu kuwatoa bakteria ndani ya vinundu na kuwakuza peke yao.

Kila mmea na rafiki zake

Hapa kuna jambo ambalo limewapotezea wakulima wetu pesa nyingi. Bakteria wa mmea mmoja si lazima awe wa mwingine. Karanga na kunde hazichagui sana: karibu kila udongo wa Afrika una bakteria wanaozifaa, na si lazima mkulima aongeze kitu. Maharagi pia yanawakuta bakteria wake katika udongo wetu, kwa kuwa yamelimwa hapa vizazi vingi, lakini maharagi ni mvivu kwa kazi hii. Yanachukua hewani sehemu ndogo kuliko soya, hasa yale mafupi yanayokomaa haraka. Maharagi ya kupanda juu ya miti, yaliyoenea Kivu na Rwanda tangu miaka ya 1980, yanafanya vizuri zaidi kwa sababu yanakaa shambani muda mrefu na yana majani mengi.

Soya ni mgeni. Asili yake ni Asia ya Mashariki, na rafiki yake wa kweli anaitwa bradirizobiumu. Ukipanda soya katika shamba ambalo halijawahi kuiona, mara nyingi mizizi inatoka mitupu. Watafiti wa IITA, kule Ibadan, Nigeria, walianza mwishoni mwa miaka ya 1970 kutafuta njia nyingine: walizalisha aina za soya zisizochagua, zinazokubali bakteria wenyeji wa Afrika. Aina hizo ndizo zenye majina yanayoanza kwa herufi TGx. Hata hizo, katika mashamba mengi, zinazaa zaidi zikiongezewa bakteria.

Tangu mwaka 2009 hadi 2013 mradi wa N2Africa, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi pamoja na IITA na washirika wengine, ulijaribu mambo haya katika nchi nane, na Kongo ilikuwa moja, kupitia Kivu ya Kusini. Wakulima wengi wa kwetu waliona unga wa rizobiumu kwa mara ya kwanza wakati huo. Ni unga mweusi katika pakiti, na mweusi wake ni wa mboji ambamo bakteria wanaishi. Ndani kuna viumbe hai. Jua linawaua na joto la duka la mabati linawaua. Mwezi wa Februari 2025, vita vilipofika Bukavu, sisi wenyewe tulikuwa na katoni ya pakiti iliyobaki imefungiwa wiki nyingi mahali pa moto. Tulipoigawa baadaye, hakuna aliyeona tofauti shambani, na akina mama wakasema kwa haki kwamba tuliwapa masizi.

Kuutumia si vigumu. Lowanisha mbegu kidogo kwa maji yenye sukari, nyunyizia unga, geuza taratibu kivulini mpaka kila mbegu iwe nyeusi, panda siku hiyohiyo na ufukie mara moja. Usichanganye na mbegu iliyopakwa dawa ya wadudu, wala usiiache mbegu iguse mbolea ya dukani. Na usidhani unga unatosha peke yake. Bakteria na mmea wanahitaji fosforasi, na udongo mwekundu wa Walungu una fosforasi kidogo na asidi nyingi. Katika shamba lililochoka kabisa, pakiti bila samadi na bila fosforasi ni pesa iliyotupwa. Katika bustani ya nyuma ya nyumba mambo ni kinyume: pale panapotupwa samadi kila siku udongo umeshiba azoti, na mmea ulioshiba haufungui mlango. Msishangae mkikuta maharagi ya bustanini yana majani mazuri na mizizi mitupu.

Pasipokuwa na pakiti, kuna njia ya wazee wa kilimo: chukua udongo kutoka shamba ambalo soya ilikuwa na vinundu vingi, uchanganye na mbegu wakati wa kupanda. Ni jaribio lile la Wajerumani, lakini kwa jembe. Ina hatari yake, maana udongo unabeba pia magonjwa. Usichukue mahali penye mimea iliyonyauka. Na kwetu kuna hatari ya pili. Kuchukua udongo wa shamba la mtu bila ruhusa, alfajiri, ndani ya kitambaa, ni kujitafutia mashtaka ya uchawi. Tumeona jambo hilo karibu limwage damu. Tangu hapo tunasema: nenda mchana, uombe mbele ya watu wawili, na mwenye shamba achote kwa mkono wake mwenyewe. Katika kijiji kimoja, familia ya waliorudi kutoka ukimbizini iliomba hivyo kwa familia ambayo haikuhama. Ilipewa kikapu, na tangu hapo wanasalimiana. Hatusemi walipatana kwa kila jambo.

Kuchimba na kusoma mizizi

Turudi kwenye shamba letu la ugomvi. Kabla ya kikao tuliomba kamati itusaidie kufanya jambo moja: kwenda pamoja, pande zote mbili, katika mashamba ya jirani yaliyokuwa na soya inayoanza kutoa maua. Huo ndio wakati mzuri wa kutazama. Mmea haung'olewi, maana vinundu vinabaki udongoni. Unachimbwa kwa jembe kwa upana wa mkono, na donge zima linalowekwa ndani ya ndoo ya maji mpaka udongo uyeyuke.

Mzee alipoona vinundu kwa mara ya kwanza alisema huo ni ugonjwa. Hakukosea sana, kwa sababu kuna minyoo midogo ya udongoni ambayo pia inavimbisha mizizi. Tofauti ni hii: uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe umenenepa, hautoki. Kinundu cha rizobiumu kimening'inia pembeni, ukikisukuma kwa kidole kinadondoka. Kisha kikate kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kinafanya kazi, na rangi hiyo inatoka katika kitu kinachofanana na kile kinachofanya damu yetu kuwa nyekundu. Kikiwa cheupe, bado ni kichanga au bakteria wake hawafai. Kikiwa cha kijani au cha kahawia, kimechoka. Watoto walipenda sehemu hii kuliko wote. Walikata vinundu vya mimea kumi na kuvihesabu, na yule mwana aliyerudi kutoka machimboni, ambaye alikuja kwa shingo upande, akajikuta amechuchumaa nao akihesabu.

Siku ya kikao

Kikao kilikuwa chini ya mti karibu na nyumba ya shefu. Wazee wa kijiji, bashamuka, walikaa mbele. Akina mama walisema: vinundu tumeviona, vilikuwa vyekundu, kwa hiyo mbolea iko ndani ya shamba na mwenzetu ndiye aliyeileta. Mzee akajibu kwa utulivu neno ambalo sisi, watu wa chuo kikuu, hatukuwa tumelitayarisha. Alisema: huyu mama aling'oa soya yote pamoja na mizizi, akaibeba nyumbani, akaipigia huko, maganda na mabua akawapa mbuzi wake. Mbegu aliuza na nyingine akawapikia watoto uji wa masoso. Kama mbolea ilikuwa katika mizizi na majani, je, haikuenda nyumbani kwake?

Tulichukua fimbo tukachora hesabu udongoni, na tunaiandika hapa kwa sababu vikundi vingine vitaihitaji. Ili iwe nyepesi tulichukua gunia la kilo 100 za soya. Mbegu za soya zina azoti kama asilimia 6, kwa hiyo gunia hilo limebeba kilo 6 za azoti, sawa na iliyo ndani ya kilo 13 za urea. Mmea mzima, pamoja na majani, mabua na maganda, tuseme ulikusanya kilo 8. Sasa swali ni kilo ngapi kati ya hizo 8 zilitoka hewani. Ikiwa bakteria walifanya kazi ya kati, asilimia 60, hewa ilitoa kilo 4.8 na udongo ukatoa 3.2. Mbegu zimeondoka na 6. Shamba limepungukiwa kilo 1.2, hata kama majani na mabua yote yalibaki palepale. Bakteria wakifanya kazi nzuri sana, asilimia 80, hewa imetoa kilo 6.4, na shamba limebaki na faida ya gramu 400. Na kama mabua na majani nayo yamekwenda kwa mbuzi, na samadi yao haikurudi, hakuna faida kabisa.

Kukawa kimya. Mama mmoja akauliza: basi kwa nini mahindi yalikuwa mazuri vile? Swali la haki. Jibu letu lilikuwa kwamba sababu ni nyingi. Soya ilijilisha sehemu kubwa kutoka hewani, kwa hiyo ilikula udongo kidogo kuliko ambavyo mahindi yangeula katika msimu ule. Majani ya soya yaliyodondoka kabla ya mavuno yalioza upesi. Magonjwa na wadudu wa mahindi walikosa chakula msimu mmoja. Lakini zaidi ya hayo yote palikuwa na samadi. Samadi haiishi katika msimu mmoja. Ile aliyoibeba mjane kwa kichwa bado ilikuwa inaoza polepole ndani ya shamba, na mahindi yalikuwa yanaila.

Hapo ndipo mazungumzo yalipogeuka. Kuhusu bakteria hakuna aliyeweza kusema ni wa nani, wala faida yao ilikuwa kiasi gani. Kuhusu samadi kila mtu alikuwa shahidi, kwa maana walimwona akipita. Mzee mmoja wa kamati akaomba vikapu vihesabiwe. Mjane akasema arobaini. Mwana wa mzee akasema thelathini. Wakakubaliana thelathini na tano, na sisi tukajua kwamba watu wanaobishana juu ya vikapu vitano wamekwisha kuacha kubishana juu ya mengine.

Mapatano, na yaliyobaki

Mapatano yaliandikwa katika daftari la kamati kwa Kiswahili na kusomwa kwa Mashi, kwa kuwa nusu ya waliokuwepo hawasomi. Mjane atabaki katika nusu ya shamba kwa misimu minne, na nusu nyingine inarudi kwa mwana wa mzee. Soya itakatwa kwa mundu usawa wa udongo, mizizi ibaki. Maganda na mabua yatarudi shambani, au samadi ya mbuzi waliokula irudi. Mwenye shamba akilitaka kabla ya misimu minne kuisha, atalipa vikapu vya samadi vilivyowekwa katika msimu wa mwisho, kwa hesabu ya mashahidi. Kwa ile nusu iliyorudi, mzee alitoa mbuzi jike mmoja. Watu wengine walisema ni kidogo. Mjane alimpokea.

Kwa nini misimu minne? Wazee walitaka miwili, na sisi tukaomba zaidi. Bradirizobiumu walioletwa na mbegu wanaweza kubaki udongoni miaka kadhaa, hasa soya ikirudi palepale mara kwa mara, na mkulima asihitaji kununua pakiti kila msimu. Lakini mtu mwenye haki ya msimu mmoja hana sababu ya kuwatunza. Atanyonya shamba kadiri anavyoweza na kuondoka, na mwenye shamba atalalamika kwamba watu wa bwasa wanaua udongo. Tumesikia lawama hizo mbili katika karibu kila kijiji tunachofanyia kazi, na kila moja inaizaa nyingine.

Kijana hakutia alama ya kidole katika daftari. Alisema shamba ni la baba yake na yeye hakuulizwa kabla ya kupewa nusu. Bado anasema hivyo, na mpaka sasa hahudhurii mikutano. Analima nusu yake. Hatuwezi kuandika kwamba jambo limekwisha.

Tuongeze neno kuhusu miti, kwa sababu vikundi viwili vimetuuliza. Kaliandra, lusena, sesbania na mtupa ni miti na vichaka vinavyoishi na rizobiumu, na majani yake yakikatwa na kutandazwa yanalisha udongo kuliko soya, kwa kuwa hapa hakuna mbegu inayokwenda sokoni. Kaliandra pia ni chakula kizuri cha mbuzi na inashika udongo kwenye miteremko. Mikaratusi haimo katika jamii hii, hata kama inauzwa katika kitalu kilekile. Lakini kwetu mti ni alama ya umiliki. Mtu wa bwasa akipanda hata safu moja ya kaliandra, mwenye shamba anaelewa kwamba anataka kumnyang'anya. Shirika linalogawa miche kwa kikundi bila kuuliza juu ya haki za ardhi linaweza kuwa linagawa kesi. Tumeanza kutumia njia hii: mwenye shamba mwenyewe ndiye anayepanda mche kwenye mpaka, mbele ya watu, na mapatano yanasema ni nani atakayekata majani. Mti unabaki wake, majani yanaliwa na wawili. Imefanya kazi mahali pengine, na mahali pengine imekataliwa.

Kwa mazungumzo katika kikundi

Kabla ya kukutana, mtu mmoja achimbe mmea wa soya au wa maharagi ulio katika maua na kuuleta ndani ya ndoo. Mkate vinundu pamoja. Kisha mjadili: katika kijiji chetu, mtu akirudisha shamba la bwasa, ni vitu gani alivyoviweka vinahesabiwa, na ni vipi havihesabiwi? Nani anahesabu? Je, wajane na waliorudi kutoka ukimbizini wanapata shahidi kama wengine?

Mwishoni kila mwanachama aseme, bila kulazimishwa, analima shamba la nani, na anaruhusiwa mpaka lini. Swali hili ndilo ambalo sisi hatukuliuliza. Msimamizi awe tayari kwa kimya kirefu, na asilijibu yeye.